Habari za Bima Hukaa Hospitalini

Machi 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nchini Tanzania, NHIF, ulisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi. Kadi hiyo ilikatwa kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kwa kiasi hicho mtoto aliye chini ya miaka 18 alitibiwa katika vituo vilivyosajiliwa na mfuko. Sababu iliyotolewa ilieleweka. Wazazi wengi walikuwa wakimkatia mtoto kadi akiwa tayari anaumwa, gharama za matibabu zikazidi michango mara nyingi, na mfuko ukawa unakula hasara. Watoto wakaelekezwa kuandikishwa kwa makundi kupitia shule zao, au ndani ya vifurushi vya familia. Mjadala ulipowaka, wengine walisema watoto wa maskini wametupwa, wengine wakasema wazazi wamejitakia kwa kufanya bima kuwa duka la dawa.

Swali moja halikuulizwa kwa uzito unaostahili: wazazi wale walijua lini kwamba kadi ipo? Mama anayekaanga maandazi Mbagala, Dar es Salaam, hana ofisi ya utumishi ya kumpa fomu. Mara nyingi habari ya kadi humfikia wodini, kutoka kwa mama wa kitanda cha pili, au kwa muuguzi aliyemwona akihesabu noti zilizokunjwa akamwambia, “Dada, mkatie mtoto bima, hutaweza hivi.” Kama habari za bima zinapatikana hospitalini, basi wanaozipata ni wagonjwa, wanaojiunga ni wagonjwa, na mfuko unaojazwa na wagonjwa peke yao hauwezi kusimama. Ninaamini sehemu kubwa ya kile kilichoitwa ujanja wa wazazi ilikuwa matokeo ya mahali habari zilipokuwa zimewekwa.

Ukipitia historia ya bima za umma Afrika Mashariki tangu miaka ya tisini, utaona akili nyingi imetumika kupanga nani achangie kiasi gani, na kidogo mno kupanga nani aambiwe nini, lini, na kwa mdomo wa nani. Suala la habari limeachiwa idara za uhusiano, nazo zimefanya kinachofanywa na idara hizo: mabango, fulana, gari la matangazo na kipindi cha redio kinachohimiza watu wajiunge. Lakini familia yenye kipato kidogo haikosi kuhimizwa. Inachokosa ni majibu.

Inataka kujua kama bibi anayeishi nao ni tegemezi wa kaya hiyo au anahesabiwa peke yake. Inataka kujua kama mtoto wa marehemu dada, ambaye cheti chake cha kuzaliwa hakijawahi kukatwa, anaweza kuingizwa. Wakilipa leo, kadi inaanza kazi lini? Dawa ya presha anayotumia baba imo kwenye orodha, au ataandikiwa akanunue duka la nje? Kijana wao aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita akivunjika mguu huko, kadi ya nyumbani itamsaidia? Na mwaka ukiisha, wakachelewa wiki mbili kulipa kwa sababu mahindi hayajauzwa, wanaanza upya? Hakuna bango linalojibu maswali haya. Anayeyajibu kwa kawaida ni karani wa dirisha la bima, na anayajibu mbele ya mgonjwa anayelia, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Mwenye mshahara hajawahi kupitia adha hiyo. Sheria ya NHIF ya mwaka 1999 ilipoanza kutekelezwa mwaka 2001, ilianza na watumishi wa serikali: asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Mtumishi hakutafuta chochote. Makato yalionekana kwenye hati ya mshahara, fomu ya wategemezi ililetwa mezani, na akiwa na swali alimfuata afisa utumishi ghorofa ya pili. Yeye habari inamfuata alipo. Mkulima wa dengu na fundi baiskeli wao wanaifuata habari, kwa nauli yao na kwa siku ambayo wangefanya kazi. Ukiondoa suala la fedha, hapo ndipo pengo kubwa kati ya makundi haya mawili lilipo, na sijaona sera iliyolitaja kwa jina.

Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, uliundwa kwa ajili ya hao wasio na mshahara. Ulijaribiwa wilayani Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001. Kaya ililipa kiasi kidogo kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kama hicho kwa mpango uliojulikana kama tele kwa tele. Miaka mingi uandikishaji ulifanyika zahanati: mhudumu yuleyule anayepima malaria ndiye aliyetakiwa kueleza mfuko, kupokea fedha, kuandika kadi na kutunza daftari. Waliofika zahanati ni wenye homa. Waliobaki shambani hawakusikia kitu, au walisikia mara moja kwenye mkutano wa kijiji, katikati ya ajenda ya michango ya ujenzi wa darasa.

CHF iliyoboreshwa, iliyoenea nchi nzima kuanzia 2018, ilibadilisha jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko mabadiliko yake mengine yote. Iliwatoa waandikishaji zahanati ikawapeleka majumbani. Kila kijiji kikawa na afisa mwandikishaji mwenye simu, anayepiga picha za wanakaya, kuingiza taarifa na kupokea mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Mfumo wa kompyuta uliobeba taarifa hizo, IMIS, ulitengenezwa Tanzania mwaka 2012 kwa msaada wa Uswisi, ukianzia Dodoma, na baadaye ukavuka mipaka hadi Nepal na Cameroon. Mwandikishaji alikuwa mtu wa kijiji, anayejulikana kwao ni kwa nani, anayeweza kuulizwa swali la bibi na swali la mtoto wa dada akiwa amekaa kwenye kigoda uani. Kwa mara ya kwanza habari ya bima ilimkuta mtu mzima wa afya akiwa nyumbani kwake.

Mpango huo ulikuwa na kasoro zake. Kadi ilimhudumia mtu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ndani ya mkoa wake, na wengi hawakulielewa sharti hilo mpaka walipokuwa wodini mkoa mwingine. Mwandikishaji alilipwa kwa kaya alizoandikisha, hivyo alikuwa na sababu ya kueleza mazuri kwa urefu na masharti kwa haraka. Mwaka ulipoisha, familia ambayo haikuugua ilijiona imepoteza 30,000, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameieleza mapema kwamba kutougua ndiyo neema ambayo bima inaiombea kila mtu. Hata hivyo, njia ilikuwa sahihi: mtu wa karibu, nyumbani, kabla ya ugonjwa.

Takwimu za serikali wakati muswada wa bima kwa wote ukijadiliwa zilionyesha kwamba takriban asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya aina yoyote. Ingekuwa uongo kusema waliobaki wote walikosa habari. Wengi walikosa fedha, na umaskini haufutwi kwa kipeperushi. Wengine walikuwa na habari kamili na ndiyo maana hawakujiunga: walimwona jirani mwenye kadi akirudi na karatasi ya dawa za kununua dukani. Neno la jirani ndiyo habari yenye nguvu kuliko zote, na hakuna tangazo linaloshinda rafu tupu ya dawa. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, vyama vya hospitali binafsi viligoma kupokea wanachama wake, na watu wenye kadi hai mikononi wakarudishwa mapokezi. Kenya nako, chama cha hospitali binafsi za vijijini na mijini, RUPHA, kiliwahi kusitisha huduma za mkopo mapema mwaka 2025 kwa sababu ya madeni ya mfuko wa bima wa huko. Kila mgomo wa aina hiyo hufundisha mtaa mzima somo moja kwa siku moja, na somo hilo hukaa vichwani miaka.

Lakini kuna aina ya habari ambayo haikosekani kwa bahati mbaya. Nazungumzia msamaha.

Tanzania ilianza kutoza ada katika hospitali za umma mwaka 1993, na pamoja na ada, kwa hatua, ikaweka misamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, na watu wasiojiweza. Sheria ya CHF nayo iliruhusu kaya maskini kusamehewa mchango kwa mapendekezo ya kijiji na uamuzi wa kata. Kwa hiyo njia ya maskini kutibiwa bila kulipa imekuwepo kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa fikiria nani anaishika habari hiyo. Ni kituo cha afya. Na kituo kikimsamehe mgonjwa, mara nyingi hakuna anayekirudishia gharama. Glavu, dawa na kipimo vinatoka kwenye makusanyo yake madogo. Mganga mfawidhi anayebandika ukutani tangazo kubwa la nani anastahili msamaha anakaribisha upungufu wa dawa mwezi ujao. Simlaumu. Lakini huo ndio ukweli: anayejua ndiye anayepungukiwa akisema. Ndiyo maana mtu asiye na uwezo huambiwa “kaonane na ustawi wa jamii” baada tu ya kushindwa kulipa, tena baada ya kuuza mbuzi au kukopa kwa jirani, na afisa ustawi wa jamii naye humwagiza barua ya mtendaji wa kijiji kilichoko kilomita 40 nyuma yake.

Watu wa sera husema tatizo la habari ni elimu ndogo ya wananchi. Kwenye msamaha tatizo ni maslahi. Mzee mwenye kitambulisho cha matibabu bure anaelewa vizuri kilichoandikwa kwenye kitambulisho chake. Hajui tu kwamba siku hiyo fungu limeisha. Mpaka msamaha ulipwe na mfuko wenye fedha, na si na zahanati yenyewe, habari zake zitaendelea kunong’onwa.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 baada ya muswada wake kuahirishwa zaidi ya mara moja, ina kifungu ninachokitazama kuliko vingine: mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, unaojazwa na tozo na kodi za vitu kama vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Ukifanya kazi, kwa mara ya kwanza kituo cha afya kitapata fedha kwa kumtibu maskini, na kitakuwa na sababu ya kumtangazia. Kwenye kampeni za 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuanza utekelezaji wa bima hiyo ndani ya siku 100 za kwanza, na kiwango kilichotangazwa na serikali kwa kaya ya watu sita ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Kaya ileile iliyozoea 30,000 ya CHF inatakiwa kuelezwa kwa utulivu mbili hizi zinatofautianaje, nini kimeongezeka, nani atalipiwa na serikali na atajuaje kwamba amelipiwa. Maelezo hayo yasipofika vijijini kabla ya risiti, uvumi utafika. Umeshaanza kutangulia katika sehemu nyingi, nao husema jambo moja: wameongeza bei.

Kenya imetupa darasa kubwa zaidi, kwa kuwa imebadilisha mfumo wote kwa mpigo mmoja. NHIF ya Kenya, iliyokuwapo tangu 1966, ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 1, 2024. Sheria za mfumo huo mpya zilitiwa saini Oktoba 2023. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizitangaza kuwa kinyume cha katiba, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Wiki chache baadaye mfumo ukaanza. Mama mboga wa Gikomba au mvuvi wa Lamu aliyesikia redioni mwezi Julai kwamba SHA imekufa alikuwa na haki ya kuamini hivyo Oktoba, alipofika hospitali na kadi yake ya NHIF na kuambiwa ajisajili upya. Kadi ya zamani haikuhama yenyewe. Aliyelipa shilingi 500 kila mwezi kwa miaka mingi alianza foleni moja na asiyewahi kulipa.

Mfumo mpya una mifuko mitatu, na hapa ndipo habari moja ndogo ingeokoa fedha za familia nyingi. Mfuko wa Afya ya Msingi unagharamiwa na kodi, nao hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu. Ili kuutumia unahitaji kujisajili tu; huhitaji kuwa umelipa mchango. Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, ndio unaodai asilimia 2.75 ya kipato, kwa kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, nao hushughulikia hospitali za ngazi ya nne hadi ya sita. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu. Mzazi anayejua tofauti hii humpeleka mtoto mwenye kikohozi zahanati iliyo karibu na asilipe kitu. Asiyeijua humpeleka hospitali ya kaunti, kwa kuwa ndiyo yenye jina, na hapo huambiwa hajalipa mchango wa mwaka. Humrudisha mtoto nyumbani akiamini kwamba SHA ni ya wenye pesa, na mtaa wote humsikia.

Serikali yenyewe ilichangia kuficha tofauti hiyo kwa namna ilivyohesabu mafanikio. Mwaka 2025 idadi ya waliosajiliwa ilivuka milioni 20, ikatangazwa kwa shangwe majukwaani. Waliokuwa wakichangia walikuwa sehemu ndogo tu ya hao, na wengi wa wachangiaji walikuwa waajiriwa wanaokatwa mishahara. Mtu aliyesikia kwamba kusajiliwa ni mafanikio aliondoka kwenye hema la usajili akidhani amemaliza. Hakuambiwa kwamba amefungua mlango mmoja kati ya miwili.

Kwa wasio na ajira rasmi, mchango hupangwa kwa tathmini ya uwezo. Mtu hupiga *147# au huenda Huduma Centre, akaulizwa paa la nyumba ni la nini, sakafu ni ya nini, maji anachota wapi, anapikia nini, ana ng’ombe wangapi. Mwishoni mashine humtolea kiasi. Haimwambii ni jibu lipi lililompandishia mchango, wala kwa nini jirani mwenye nyumba kama yake amepewa kiasi kingine. Mjane aliyeachiwa nyumba ya bati na mumewe anaweza kuonekana ana uwezo, kwa sababu swali liliangalia bati na halikumwona marehemu. Kisha huelezwa kwamba mchango unalipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, jambo ambalo wengi walilijua wakiwa tayari na mgonjwa. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kukopeshwa mchango na kuulipa kidogo kidogo, ulikuja baadaye, baada ya kelele. Viwango vya malipo kwa kila huduma vilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, kwa Kiingereza cha kisheria. Hivyo ndivyo sheria inavyotaka, lakini gazeti hilo halisomwi Kwale sokoni.

Halafu kuna simu. Watunga mifumo huiona simu kama daraja, na kwa vijana wa mjini ni daraja kweli. Katika kaya yenye kipato kidogo, simu ya vitufe huwa moja, laini imesajiliwa kwa jina la baba, na baba yuko Mombasa bandarini. Ujumbe wa kuthibitisha humfikia yeye wakati mama na watoto wako mbele ya karani huko Kakamega. Vijana wa saiba, yaani maduka ya intaneti, hujaza fomu kwa niaba ya watu kwa malipo, wakiweka namba zao wenyewe ili kazi iende, na tangu hapo taarifa zote za familia humwendea kijana asiyejulikana yuko wapi. Hapo pia ndipo matapeli hupata riziki. Mahali rasmi pasipotoa jibu, asiye rasmi hulitoa kwa bei yake.

Kabla ya SHA, Kenya ilikuwa na mpango wa kuwalipia bima watu maskini, ulioanza 2014 kwa kaya zilizochukuliwa kutoka orodha ya ruzuku za yatima na watoto walio hatarini. Kwa karatasi, mpango ulikuwa mzuri kuliko yote: familia haikuomba chochote, serikali iliichagua na kuilipia. Utafiti wa Evelyn Kabia na wenzake, uliochapishwa 2019, ulikuta kwamba uelewa miongoni mwa watu maskini waliolengwa ulikuwa mdogo, na vikwazo vya umbali na malipo ya mfukoni viliendelea. Kulipiwa bima bila kujua unastahili nini si tofauti sana na kutokuwa na bima. Jambo hilo linanihuzunisha kuliko mengine yote katika suala hili, kwa sababu fedha zilikuwa zimeshatoka.

Lakini mpango ule unaonyesha pia mahali pa kuanzia. Serikali zetu zinawajua maskini wao kwa majina. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, TASAF, una orodha ya kaya za ruzuku, zilizotajwa na wanakijiji wenyewe kwenye mikutano. Kenya ina Inua Jamii, inayowapa wazee wa miaka 70 na zaidi, walezi wa yatima na watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wengi wa watu hawa wamekuwa wakikusanyika siku ya malipo, mahali panapojulikana, wakiwa wazima, wakiwa na muda wa kusikiliza na jirani wa kushauriana naye. Siku hiyo ndiyo ofisi bora ya bima ambayo nchi hizi zinayo, nayo inapita tupu kila awamu ya malipo. Kumtaka bibi anayepokea fedha za serikali kwa umaskini wake aende tena akathibitishe umaskini huo kwa mashine nyingine, ndipo aonekane anastahili kulipiwa bima, ni kumtesa.

Rwanda ilikaribia jibu hilo mapema. Bima ya jamii, Mutuelle de Santé, ilifungamanishwa na madaraja ya ubudehe, ambayo kila kaya ilipangiwa na majirani kwenye mkutano wa kijiji. Mtu alijua daraja lake, alijua mchango unaolingana nalo, na walio daraja la chini kabisa walilipiwa. Madaraja yalileta manung’uniko mengi, watu wakigombea kushushwa, hadi yakatenganishwa na ugawaji wa huduma. Manung’uniko yenyewe yalikuwa ushahidi kwamba habari imefika: huwezi kulalamikia daraja usilolijua. Uandikishaji ulivuka asilimia 80 ya wananchi, na ingawa kulazimishwa kulichangia, mkutano wa kijiji ulichangia pia.

Watu wa kubeba habari hizi wapo. Kenya ilizindua Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wanaozunguka nyumba kwa nyumba na simu za kazi. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga zaidi ya watu 137,000 katika miaka mitano. Wengi wao wamekwishajua nyumba gani ina mgonjwa wa sukari na nani ana mimba. Ninachohofia ni kwamba watapewa malengo ya kusajili, wahesabiwe kwa idadi ya majina, na tuzalishe tena milioni nyingi za waliosajiliwa wasiojua walichosajiliwa. Wapewe badala yake jukumu la kujibu, na wapewe wa kumpigia pale wasipojua. Mhudumu anayesema “hilo sijui, nitakuulizia na kukurudia Ijumaa”, kisha akarudi kweli Ijumaa, atajenga imani ambayo mabango ya miaka ishirini hayakuijenga.

Kwa familia inayosoma haya ikiwa haina mgonjwa leo, hiyo ndiyo siku ya kwenda. Nenda dirisha la bima la hospitali ya wilaya au ya kaunti mchana, foleni ikiwa imepungua, ukaulize maswali ya kaya yako na si ya bima kwa ujumla: majina, umri, dawa mnazotumia, mahali mnapofanya kazi. Mwombe karani akuandikie, hata kwenye kipande cha karatasi, tarehe kadi itakayoanza kazi na vituo vitakavyoipokea. Tanzania, mtendaji wa kijiji au mtaa ndiye anayejua kama kaya yako imo kwenye orodha ya wasio na uwezo, na barua yake ni rahisi kupatikana wiki hii kuliko usiku wa manane mama akiwa na uchungu. Kenya, jisajili hata kama huna mchango, kwa ajili ya zahanati. Kisha hakiki namba ya simu iliyoandikwa kwenye jina lako. Kama mchango uliopangiwa unauona hauendani na hali yako, omba tathmini irudiwe, na mwombe chifu au mhudumu wa afya anayekufahamu awe shahidi.

Na kwa waliochaguliwa kulipiwa, kuna swali moja ambalo halijapewa jibu lililo wazi mahali popote nilipotazama katika sera hizi: ulipiwaji unaisha lini, na nani atamwambia mtu kwamba umeisha? Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kuwalipia watu wapatao milioni 2.2 wasiojiweza. Kila mmoja wao anastahili tarehe iliyoandikwa, kwa lugha anayoisoma au kusomewa, na mtu mwenye jina atakayebisha hodi kabla tarehe hiyo haijafika.